Mwacheni Apumue Mwenyewe

Katika upasuaji mwingi mipaka inaeleweka. Mtaalamu wa usingizi hukaa kichwani pa mgonjwa na kulinda pumzi. Mpasuaji huwa tumboni au mguuni na kufanya yake. Katikati hutundikwa shuka la kijani. Mtoto mchanga anapopasuliwa njia ya hewa, shuka hilo halina pa kutundikwa. Mpasuaji anakitaka kitundu kilekile ambacho mwenzake anakihitaji kupitishia oksijeni na dawa ya usingizi. Nacho, kwa mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake, kina kipenyo cha milimita 4 hadi 5 pale kilipo chembamba zaidi. Wakikigombania, atakayeumia anajulikana.

Hoja ya safu hii ni moja, na baadhi ya wenzangu hawaipendi. Sisi watu wa usingizi tumelelewa katika mazoea ya kuchukua: mlegeze mgonjwa misuli, mwekee tyubu, ikabidhi mashine pumzi yake, kisha mwambie mpasuaji aendelee. Kwa apendeksi na kwa mvunjiko wa paja mazoea hayo yameokoa watu wengi. Kwa kichanga mwenye zoloto bovu, mazoea hayohayo mara nyingi ndiyo hatari yenyewe. Kifaa bora kuliko vyote kilichomo chumbani ni pumzi ya mtoto mwenyewe, na kazi yetu ni kumlaza bila kumnyang'anya. Kama hilo ni kweli, basi orodha za manunuzi za hospitali zetu nyingi zinaanzia mwisho.

Watoto hawa hutangulizwa na sauti. Mama husema mtoto anakoroma akiwa macho, au anapiga mluzi kifuani. Sauti hutoka anapovuta hewa ndani; huzidi akilia, akinyonya au akilazwa chali, na hupungua akilazwa kifudifudi. Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni ulegevu wa zoloto: gegedu na utando ulio juu ya nyuzi za sauti ni teketeke mno, hivyo kila anapovuta pumzi hufyonzwa ndani na kuziba njia kwa sehemu. Huanza katika wiki 2 za mwanzo, huzidi hadi miezi 6 hivi, kisha wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza miaka 2. Wanaohitaji kisu ni wachache: wasioongezeka uzito, wanaogeuka bluu kwenye titi, wanaokatika pumzi wakiwa wamelala.

Baadhi yao hutufikia wakiwa wamekwisha kukatwa kimeo. Desturi hiyo ipo Tanzania, Kenya, Ethiopia na sehemu nyingine za Afrika: mtoto akikohoa sana au akikoroma, fundi hukikata kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, akaambiwa mama kwamba ugonjwa umeondoka. Kimeo hakihusiki hata kidogo. Kinachopiga kelele kiko chini zaidi, mahali ambapo jicho na kidole cha fundi havifiki. Kinachobaki ni kidonda, pengine usaha, na mtoto anayeletwa kupewa nusu kaputi akiwa amepungukiwa damu huku sauti ikiwa palepale. Sisemi hivi kumbeza bibi aliyempeleka. Alisikia kitu kisicho cha kawaida akatafuta chanzo chake, na hilo ni zaidi ya ilivyofanya zahanati iliyoandika "mafua" mara tatu mfululizo kwenye kadi ya mtoto.

Hesabu za njia hii ya hewa ni katili. Ukinzani wa hewa inayopita taratibu ndani ya mrija hufuata kipeo cha nne cha nusu-kipenyo: kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani hupanda mara 16. Sasa chukua uvimbe wa milimita 1 kuzunguka ukuta wote. Mtu mzima mwenye koo la hewa la milimita 18 anabaki na 16, na ukinzani wake unaongezeka kwa asilimia 60 hivi. Sauti itakauka, atakunywa chai, yataisha. Kichanga mwenye milimita 4 anabaki na 2. Eneo la kupitisha hewa limepotea robo tatu, na ukinzani umekuwa mara 16. Akianza kulia hewa inaacha kwenda taratibu, inavurugika, na mambo yanakuwa mabaya kuliko hesabu hiyo. Ndiyo maana anayeijua kazi hii hakubali mtoto wa namna hiyo alizwe ovyo kabla ya kulala, hata kama ni kwa sababu njema kama kutafuta mshipa wa dripu.

Akiba yake nayo ni ndogo. Anatumia mililita 6 hadi 8 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kila dakika. Mtu mzima hutumia 3 au 4. Hewa inayobaki mapafuni mwishoni mwa pumzi, ambayo ndiyo ghala la oksijeni, hupungua sana anapolala kwa dawa, kwa sababu mbavu zake laini haziwezi kuyazuia mapafu yasinywee. Mtu mzima mwenye afya aliyevuta oksijeni safi anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla hali haijawa ya hatari. Mtoto wa mwezi mmoja ana kama dakika moja na nusu, na aliye mgonjwa ana chini ya hapo. Kisha moyo hufuata: oksijeni ikishuka, mapigo ya kichanga hayaendi mbio kama ya mtu mzima, bali hupungua, na yakifika chini ya 60 kwa dakika tunaanza kukandamiza kifua.

Mwenye mazoea ya kuchukua ataona hesabu hizo ni ushahidi wa upande wake. Kama akiba ni ndogo hivyo, si ndiyo sababu ya kuweka tyubu haraka? Hapana, na sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba ukimlegeza misuli mtoto ambaye njia yake ya hewa inasimama kwa nguvu za misuli yake mwenyewe, njia hiyo inaweza kuanguka yote, na hakuna anayekuhakikishia kwamba tyubu itapita pale palipoziba. Ulaya, katika utafiti mkubwa wa vichanga na watoto wachanga uliojulikana kama NECTARINE na kuchapishwa mwaka 2021, uwekaji wa tyubu ulikuwa mgumu kwa asilimia 5.8 ya waliojaribiwa, na hao hawakuwa watoto wa upasuaji wa koo peke yao. Rejista ya kimataifa ya watoto wenye njia ngumu ya hewa, iliyotoa takwimu zake mwaka 2016 kutoka kwa watoto 1,018, ilionyesha kwamba 1 kati ya 5 alipata madhara, na kwamba madhara yaliongezeka kila majaribio ya kuweka tyubu yalipozidi mawili. Mtu mzima akishindikana kabisa tunamtoboa shingo mbele, kwenye utando ulio chini ya kikoromeo. Kwa kichanga utando huo una ukubwa wa milimita 3 hivi na umejificha chini ya shingo fupi yenye mafuta. Vitabu vinaitaja njia hiyo, ila mimi siihesabu kuwa mpango.

Sababu ya pili huwa haitajwi sana, nami naiona ndiyo nzito zaidi. Ugonjwa wenyewe unaishi ndani ya pumzi. Ulegevu wa zoloto hauonekani kwa mtoto asiyevuta hewa. Ukimlegeza, kila kitu kinatulia na kuonekana kizuri. Uzi wa sauti uliopooza hauwezi kutofautishwa na uliolegezwa kwa dawa. Koo la hewa linalobonyea wakati wa kutoa pumzi linakaa wazi kabisa likisukumiwa hewa na mashine. Yaani mtaalamu wa usingizi anaweza kuufuta ugonjwa kwa dawa zake, akamrudisha mtoto wodini na cheti cha kwamba hana kitu.

Basi inakuwaje chumbani? Mchukue mtoto wa miezi 3 mwenye kilo 4. Maziwa ya mama ya mwisho alinyonya muda wa saa 3 au 4 uliopita, si jana jioni kama baadhi ya wodi zinavyoendelea kulazimisha. Anavutishwa sevoflureni na oksijeni kwa barakoa. Gesi hiyo, iliyoingia katika matumizi ya kawaida Japani mwaka 1990, haichomi pua wala koo, na mtoto hulala nayo katika pumzi chache. Wazee wa kazi hii bado wanaisifu halothani iliyotangulia, ambayo Michael Johnstone aliijaribu kwa wagonjwa Manchester mwaka 1956. Ilikuwa nzito kwa moyo, lakini ilikaa mwilini muda mrefu na kumpa mpasuaji nafasi. Sevoflureni hutoka upesi kama ilivyoingia. Nadhani wana haki kwa kiasi. Siku hizi pengo hilo huzibwa kwa propofoli ya mshipani inayotiririshwa polepole, pengine pamoja na deksmedetomidini, ambayo hulaza bila kukata pumzi.

Akishalala vya kutosha, nyuzi za sauti hunyunyiziwa lidokaini ili zisishtuke. Hapa pana mtego ambao kila anayefundishwa kazi hii anapaswa kuonyeshwa kwa kalamu na karatasi. Kiwango tunachokubaliana kwa kawaida ni kama miligramu 4 kwa kilo, basi kwa mtoto wetu ni 16 kwa jumla. Chupa ya kupuliza ya asilimia 10, ambayo ndiyo imejaa kwenye kabati, hutoa miligramu 10 kwa mbonyezo mmoja. Mbonyezo wa pili umekwisha kuvuka. Dawa ya asilimia 1 katika bomba dogo la sindano, mililita 1.6 zilizopimwa, ndiyo njia ya mtu makini. Kisha unangoja kama dakika 2 ganzi ishike. Kungoja huko ni sehemu ya ufundi, ingawa kwa mtu aliyesimama pembeni na glavu mkononi dakika hizo ni ndefu kama mwezi wa Ramadhani.

Baada ya hapo kijitubu chembamba hupitishwa puani hadi nyuma ya ulimi, kikipeleka oksijeni na usingizi, na mpasuaji huweka laringoskopu yake na darubini. Koo liko wazi. Hakuna tyubu kati ya nyuzi za sauti. Mtoto anapumua. Kapnografu, mashine ya kusoma kabonidioksidi ambayo tunaitegemea kila siku, hapa inadanganya kwa kuwa hewa inavuja kila upande. Unarudi kwenye vitu vya kizamani: tumbo linavyopanda, kifua kinavyobonyea, stetoskopu iliyogandishwa juu ya moyo, sauti. Usingizi ukiwa mwepesi, nyuzi za sauti hufunga kwa ghafla na kukataa kufunguka. Ukizidi, mtoto anasahau kupumua. Nafasi kati ya hali hizo mbili ni nyembamba, nayo huhama kila mpasuaji anapogusa.

Kipindi ninachokipenda ni cha mwisho, wakati wa kuangalia kama nyuzi za sauti zinatembea. Usingizi hupunguzwa taratibu. Mtu mmoja, aghalabu muuguzi au mwanafunzi, huweka mkono juu ya tumbo la mtoto na kutangaza kwa sauti: anavuta, anatoa, anavuta, anatoa. Bila mtangazaji huyo mpasuaji hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu nyuzi zilizopooza huweza kufyonzwa na hewa zikaonekana zinacheza, ila zinacheza kinyume: zinafunga pale zinapopaswa kufunguka. Ugonjwa mkubwa unatambuliwa kwa kiganja cha mtu na maneno mawili. Hakuna kampuni inayouza kitu hicho.

Kuna kifaa kingine cha ukoo huo. Mwaka 1937 Philip Ayre, daktari wa usingizi wa Newcastle, aliyezaliwa akiwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka, alichoshwa na kuona vichanga wanaoshonwa kasoro kama yake wakidhoofika kwa kupumulia mitambo yenye vali nzito zilizotengenezewa watu wazima. Akatumia kipande cha bomba chenye umbo la herufi T, kisicho na vali hata moja. Mwaka 1950 Gordon Jackson Rees wa Liverpool akakiongezea mfuko wenye mdomo wazi mwishoni. Hadi leo hii vyumba vingi vya upasuaji vya Afrika Mashariki vinacho. Ukiushika mfuko ule, pumzi ya mtoto iko kiganjani mwako: unajua imepungua kabla oksimita haijajua, kwa sababu oksimita hutangaza habari zilizokwisha kupita.

Sikatai kwamba zipo njia nyingine, na kuna mafundi wazuri wanaozitumia. Wengine humlegeza mtoto, humwekea tyubu, kisha huitoa na kumpa mpasuaji dakika moja au mbili afanye kazi bila pumzi, huirudisha, na kuendelea hivyo kwa zamu. Ukiwa na timu iliyozoeana, na ukiwa na hakika kwamba tyubu inapita, ni njia safi. Kwa kidonda kilicho kwenye nyuzi zenyewe inampa mpasuaji shabaha isiyotikisika. Kusukuma hewa kwa mkandamizo mkubwa kupitia sindano au kijitubu, mbinu inayotokana na ubunifu wa Sanders wa mwaka 1967, ni jambo jingine. Kwa kichanga mwenye njia iliyobana, hewa inaingia kwa nguvu na haina pa kutokea, mapafu hupasuka. Ningependa mashine hizo zikae mbali na watoto wa kilo 4 mpaka anayezitumia awe amefundishwa na mtu aliyezitumia sana.

Oksijeni ya kasi kupitia puani imeleta msisimko wa haki. Kwa watu wazima, taarifa ya Patel na Nouraei ya mwaka 2015 ilionyesha mgonjwa asiyepumua akikaa muda mrefu bila kuishiwa oksijeni. Watoto walipojaribiwa huko Australia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa ya nusu kwa nusu: muda kabla ya oksijeni kushuka uliongezeka vizuri, lakini kabonidioksidi ilipanda kama kawaida. Kwa hiyo ni nyongeza nzuri juu ya pumzi ya mtoto. Wanaoiuza kana kwamba inaweza kusimama badala ya pumzi hiyo wanaenda mbele ya ushahidi.

Nimesema tyubu inaweza kuwa hatari wakati wa upasuaji. Sasa nataka kuisema vibaya zaidi, kwa sababu wengine kati ya watoto hawa waliletwa mezani na tyubu yenyewe. Zamani kichanga aliyehitaji mashine ya kupumulia kwa siku nyingi alitobolewa shingo. Mwaka 1965 McDonald na Stocks wa Royal Children's Hospital, Melbourne, walieleza jinsi walivyowaweka watoto kwenye mashine kwa siku nyingi kwa tyubu ya plastiki iliyopitishwa puani, bila kutoboa shingo. Ni moja ya taarifa zilizojenga wodi za uangalizi maalumu wa vichanga duniani. Njiti waliokuwa wakifa walianza kuishi. Na wengine kati yao walipotolewa tyubu wakashindwa kupumua, kwa kuwa chini ya nyuzi za sauti kuna pete ya krikoidi, gegedu iliyozunguka kamili na isiyotanuka. Tyubu ikiukandamiza utando uliomo ndani ya pete hiyo, damu haifiki. Kidonda kinachimbika, kinapona kwa kovu, na kovu linavuta ndani.

Kovu hilo ndilo lililozaa upasuaji mpya. Blair Fearon na Robin Cotton mjini Toronto, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walianza kupanua zoloto za watoto kwa kupachika gegedu. Cotton akaiendeleza kazi hiyo Cincinnati. Mwaka 1980 yeye na Seid wakaeleza njia ya kupasua pete ya krikoidi kwa mbele ili itanuke na kichanga aepuke kutobolewa shingo. Mwaka 1994 ikaja mizani ya Myer na Cotton inayopima kubana huko kwa madaraja 4, la nne likiwa ni kuziba kabisa. Tazama mzunguko ulivyo: mtu wa usingizi aliokoa kwa tyubu, mpasuaji akarekebisha alichoacha, na sasa mtu wa usingizi anarudi kumlaza mtoto ambaye tyubu ya kawaida haiwezi tena kupita kooni mwake.

Kwetu mzunguko huo ndiyo kwanza unaanza. Hospitali za rufaa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinawahudumia njiti wadogo kuliko waliokuwa wakipona zamani, na mashine za kupumulia za vichanga zinaongezeka. Hilo ni la kushangilia. Lakini kila mashine inayofungwa leo inaweza, baada ya miezi, kutuletea mtoto mwenye kovu chini ya nyuzi za sauti, na sijaona mpango wa wizara unaoweka mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja. Kinga ya bei nafuu inajulikana. Mashine ya mapovu, inayompa njiti msukumo wa hewa kwa vijibomba vya puani, haipiti zoloto kabisa, hivyo haiachi kovu pale. Na pale tyubu inapohitajika kweli, iwe ya saizi inayoacha hewa kidogo ivuje pembeni, ifungwe isicheze, na isirudishwe mara kwa mara kwa sababu imechomoka kwa plasta mbovu. Muuguzi wa zamu ya usiku anayejua kufunga tyubu vizuri anazuia upasuaji ambao hatutawahi kuuhesabu.

Nije kwenye manunuzi. Nimekaa katika kikao ambacho leza ilijadiliwa kwa saa nzima na mtu wa kuwahudumia watoto baada ya upasuaji hakutajwa. Leza ina kazi yake. Lakini kwa ulegevu wa zoloto, mikunjo inayobana hukatwa vizuri kwa mkasi mdogo wa chuma, kwa muda usiozidi nusu saa, na mkasi hauwashi moto. Leza huwasha. Ikikutana na plastiki na oksijeni nyingi, moto unatokea ndani ya koo la mtoto, na ndiyo maana kanuni ni kuweka oksijeni chini ya asilimia 30 na kutotumia gesi ya kuchekesha, ambayo nayo hulisha moto. Sasa linganisha: mtoto anayehitaji oksijeni nyingi kwa kuwa akiba yake ni ndogo, na chombo kinachodai oksijeni ipunguzwe. Hospitali ambayo bado haina oksimita katika kila chumba cha kuamkia haina haja ya mgogoro huo.

Upungufu wetu mkubwa ni wa watu. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi, WFSA, linapendekeza madaktari bingwa wasiopungua 5 kwa kila watu 100,000; Tanzania, Kenya na Uganda ziko chini ya 1. Kazi inabebwa na wauguzi na maafisa tabibu wa usingizi, na wengi wao ni hodari. Wanapokosa sevoflureni hutumia ketamini, dawa inayohifadhi pumzi, ambayo kwa hoja yangu ingekuwa rafiki. Kwenye koo ni rafiki wa mashaka: huongeza mate na kuamsha hisia za zoloto, nayo zoloto iliyoamshwa hufunga. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024, uliowafuatilia watoto zaidi ya 8,600 waliopasuliwa katika hospitali 249 za nchi 31 za Afrika, ulikuta vifo vya asilimia 2.3. Huo ni upasuaji wa kila aina. Upasuaji wa njia ya hewa umo ndani ya idadi hiyo, tena si upande wake mwepesi.

Kinachoweza kubadilisha hali si siri. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari bingwa ubobezi wa usingizi wa watoto, na waliopita pale wanarudi kufanya kazi katika nchi zao. Kozi ya SAFE ya watoto, ya siku 3, imewafikia wauguzi na maafisa tabibu ambao hakuna aliyekuwa akiwafikia. Ningeongeza jambo moja lisilo na gharama: mpasuaji wa koo na mtu wa usingizi wafanye kazi pamoja kila wiki, wawili walewale, badala ya kukutana siku ya operesheni kama wageni wa arusi. Kabla mtoto hajaguswa waseme kwa sauti ni nani anayeshika njia ya hewa kwa wakati gani, ni neno gani likitamkwa mpasuaji anatoa vyombo vyake bila kujadili, na vifaa vya kutobolea shingo vimefunguliwa au bado viko kwenye paketi. Muuguzi mdogo kuliko wote awe na ruhusa ya kulitamka neno hilo.

Wazazi huuliza zaidi kuhusu ubongo. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya usingizi wa zaidi ya saa 3, au wa kurudiwarudiwa, kwa watoto wa chini ya miaka 3. Kwa usingizi mfupi tuna jibu zuri: utafiti wa GAS uliwalinganisha watoto wachanga waliolazwa kwa gesi, kwa wastani wa muda usiofika saa 1, na wenzao waliochomwa ganzi ya mgongo, na walipofika miaka 5, matokeo yakichapishwa mwaka 2019, hapakuwa na tofauti ya akili kati yao. Mtoto mwenye kovu la krikoidi atalazwa mara nyingi, na kwake jibu si rahisi hivyo. Lakini mtoto anayekosa oksijeni kila usiku kwa sababu hakupasuliwa naye ana ubongo, na hilo huwa naliweka kwenye mizani mbele ya wazazi.

Operesheni ikiisha, usiku ndio unaoamua. Zoloto iliyoguswa huvimba kwa saa kadhaa. Deksamethasoni hupunguza, na mvuke wa adrenalini husaidia kwa muda wa saa 2 hivi kisha uvimbe huweza kurudi. Mtoto aliyerudishwa wodi ya kawaida saa 10 jioni akiwa mzuri anaweza kuwa taabani saa 4 usiku, mbele ya muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40. Njiti wa zamani huongeza hatari nyingine ya kusimamisha pumzi baada ya nusu kaputi. Ndiyo sababu ninapoulizwa na uongozi wa hospitali huduma hii ianzie wapi, swali langu la kwanza ni vitanda vingapi vina oksimita na mtu wa kuitazama hadi asubuhi. Kama jibu ni sifuri, bora mtoto apelekwe kwingine, na apelekwe mapema.

Pasipo hayo yote, tunaishia kumtoboa shingo, na mara nyingi ni uamuzi sahihi kwa mahali tulipo. Lakini tusiuite mwisho wa kazi. Kijitubu cha shingoni cha kichanga huzibwa na makohozi kwa dakika chache, na mtoto huyo hawezi kulia akasikika, kwa kuwa hewa yake haipiti tena kwenye nyuzi za sauti. Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, watu wawili wa familia wawe wamembadilishia kijitubu mbele ya muuguzi kwa mikono yao wenyewe. Wapewe kingine cha saizi ileile na kimoja kidogo zaidi, na mashine ya kunyonya makohozi inayokanyagwa kwa mguu, kwa sababu umeme utakatika. Mashine hiyo ya mguu ndiyo ningeianza kuiandika kwenye orodha ya manunuzi, juu kabisa ya leza.